Vinywaji vya Nyumbani na Uzito wa Mwili: Maswali na Majibu

Je, kuna kinywaji kinachoyeyusha mafuta ya mwili?

Hakuna. Mafuta hupungua pale mwili unapotumia nishati nyingi kuliko inayoingia. Ndimu na tangawizi haziondoi kitambi. Kinywaji cha nyumbani husaidia kinapochukua nafasi ya soda au chai yenye sukari nyingi.

Wakazi wa Bangale, Kaunti ya Tana River, waanzie wapi kupunguza sukari?

Kwenye chai ya maziwa. Majumbani kwa wafugaji wa Kiorma, Kiwardei na Kisomali, na hata hotelini kando ya barabara ya Garissa, mara nyingi sukari hutiwa ndani ya sufuria, na mnywaji hajui amekunywa kiasi gani. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni takriban gramu 4, yaani kalori 16. Anayekunywa vikombe vitano vya vijiko vitatu amepata gramu 60, kalori 240, kabla hata ya kuhesabu maziwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, kama gramu 25 kwa mtu mzima. Njia rahisi ni kupika chai bila sukari, ikolee iliki na tangawizi, kisha kila mmoja ajitilie mwenyewe.

Maji ya ukwaju je?

Ukwaju huloweshwa, ukakamuliwa na kuchujwa. Ukali wake ndio mtego: wengi huuzima kwa sukari. Afadhali uzimuliwe kwa maji zaidi.

Na maziwa ya ngamia?

Hayo ni chakula, si maji, yahesabiwe hivyo. Yachemshwe pia, kwani mabichi huweza kuambukiza ugonjwa wa brusela.

Maji matupu yanafaa?

Ndiyo, tena yana ushahidi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu wazima waliopunguza chakula na kunywa nusu lita kabla ya kila mlo walipungua kilo 2 hivi zaidi ya wenzao waliopunguza chakula tu, kwa wiki 12. Maji ya mto Tana yachemshwe au yatiwe dawa kwanza.

Nani asijaribu kupunguza uzito?

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na waliodhoofishwa na ukame. Mwenye kisukari anayetumia dawa amwone kwanza mhudumu wa afya, kwa kuwa kupunguza sukari ghafla huenda kukadai dozi ibadilishwe.