Ubaguzi Kazini: Tujifunze kwa Mfano wa Kariakoo

Vijana wetu wengi wanakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na wengi hufikia Kariakoo. Huko kuna maduka, maghala, hoteli na mizigo ya kupakua. Leo tutajifunza jambo litakalowafaa wao, na sisi wazazi wao pia. Jambo lenyewe ni ubaguzi kazini. Ubaguzi kazini ni kumnyima mtu kazi, au kumpunja mshahara, au kumfukuza, kwa sababu isiyohusu kazi yenyewe.

Tuchukue mfano. Siyo kisa cha mtu fulani, lakini wasomaji wa Kigoma watautambua upesi. Kijana ametoka Kasulu. Amesikia kuwa duka moja la vitenge, Mtaa wa Kongo, linataka msaidizi. Anajua kusoma, anajua kuhesabu, na mgongo wake una nguvu. Anaingia, anaamkia. Mwenye duka anasikiliza anavyotamka maneno, kisha anauliza, "We Mrundi?" Kijana anajibu, "Hapana mzee, mimi Muha. Mtanzania." Mwenye duka anacheka. "Ni yale yale. Hamna kazi hapa." Kesho yake kachukuliwa mtu mwingine.

Kwa nini aliuliza vile? Chanzo ni vita vya jirani. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa Burundi, na watu wengi wakakimbilia kwetu. Mwaka 1993 wakaja wengine. Mwaka 1996 vita vikazuka Kongo, na watu wakavuka ziwa. Mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko huko Kasulu. Basi baadhi ya watu wa mjini wakazoea kumwona kila atokaye Kigoma kuwa ni mkimbizi. Vita hivyo havikupiganwa Kigoma, lakini kijana wa Kigoma ananyimwa ugali kwa ajili yake.

Sheria inasemaje? Bunge lilipitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila lake au mahali alikotoka. Kinakataza pia kubagua kwa rangi, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri, au kwa kuwa mtu ana virusi vya UKIMWI. Tena tushike hili, maana wengi hawalijui: katika ubaguzi, sheria inamlinda hata mtu anayeomba kazi tu, ambaye hajaajiriwa bado. Kwa hiyo kijana wetu ana haki, ingawa hakufanya kazi dukani hata siku moja.

Je, kama wazazi wake walikuwa wakimbizi kweli? Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000, yaani wakimbizi wa mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Hao ni Watanzania kama sisi. Asiye raia ni habari nyingine. Yeye lazima awe na kibali cha kufanya kazi, na sheria inaruhusu raia apewe nafasi kwanza. Basi mwenye duka anaweza kuuliza, "Wewe ni raia? Kitambulisho kiko wapi?" Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kumkataa raia kwa sababu ya lafudhi yake. Vijana wasisafiri bila kitambulisho cha taifa.

Siyo kila kukataliwa ni ubaguzi, bwana. Mtunza ghala asiyejua kusoma namba za mizigo akikataliwa, asilalamike. Kazi ile inataka kusoma.

Ubaguzi huu wa kazi ni wa zamani. Jina Kariakoo lenyewe linatokana na jeshi la wapagazi la Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale walitoka makabila mengi. Baadaye, serikali ya kikoloni ililipa mishahara kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Tulipojitawala wako waliotaka mambo yageuzwe tu, wa chini awe juu. Januari 1964 Mwalimu Nyerere alikataa. Alitangaza kuwa kubagua raia kwa rangi katika kazi za serikali kukome. Na majirani zetu wa Kenya, baada ya watu kuuana kwa ukabila kufuatia uchaguzi wa mwaka 2007, walitunga sheria mwaka 2008 kwamba idara ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja.

Turudi dukani. Yuko binti anayeuza, na sasa ni mjamzito. Bosi anamwambia, "Kapumzike, tutakuita." Haitwi. Huko ni kumfukuza, hata kama maneno ni matamu. Sheria inasema ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Tena mfanyakazi ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua mapacha.

Wengi Kariakoo wameajiriwa kwa mdomo tu. Bosi atasema, "Huyu si mfanyakazi wangu, alikuwa akinisaidia." Asikutishe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema kwamba ukimfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu iliyopita, unahesabiwa kuwa mfanyakazi wake, mpaka yeye athibitishe vingine.

Sasa aliyebaguliwa afanye nini? Siku ile ile achukue daftari. Aandike tarehe, jina la duka, maneno aliyoambiwa, na nani walisikia. Hapa ndipo kusoma na kuandika kwetu kunapofaa. Kisha aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ajaze fomu namba moja, na nakala ampe mwajiri. Aliyefukuzwa ana siku 30 tu. Aliyenyimwa kazi kwa ubaguzi ana siku 60. Siku zikipita, itambidi kwanza aeleze kwa nini alichelewa. Tume itajaribu kuwapatanisha. Wasipopatana, shauri linakwenda kwa mwamuzi au Mahakama ya Kazi. Na mlalamikaji akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kuwa hakubagua.

Kazi ngumu ni mashahidi. Walio dukani wanaogopa kupoteza kazi zao, nasi hatuwezi kuwalaumu sana. Ndiyo maana wafanyakazi wa maduka hufaa kujiunga na chama. Kwa kazi za biashara kipo TUICO, na mtu mmoja anayeogopa husema vizuri zaidi akiwa na wenzake.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Mwenye duka amesema, "Naajiri watu wa kijijini kwetu tu, maana nawaamini." Je, huu ni ubaguzi? Mwenye mawazo mengine aeleze.
2. Binti aliambiwa "tutakuita" tarehe 3 Machi. Mwisho wa kwenda Tume ni tarehe gani?
3. Hapa kijijini kwetu, tunapotafuta kibarua wa shamba, tunamwuliza nini kwanza?