Tapeli alijuaje jina langu?

SWALI: Nikiuza omena sokoni, kijana alinipigia akataja majina yangu na nambari ya kitambulisho, akidai amenitumia pesa kimakosa. Alizitoa wapi? – Mama, Pap Onditi

JIBU: Pole sana, mama. Funua daftari la wakala wa kutoa pesa: mstari mmoja una jina, kitambulisho, simu, kiasi na sahihi. Aliye nyuma yako kwenye foleni anausoma wote, au anaupiga picha. Daftari la mlinzi getini ni vivyo hivyo. Halafu kuna orodha zetu za michango ya matanga kwenye WhatsApp, majina na nambari wazi. Hizi ndizo zinaniuma zaidi, kwa kuwa tunaziandika kwa huruma. Wengine hubahatisha nambari, M-Pesa ikawaonyesha jina kabla ya kutuma, nao wakaghairi.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kulalamika kwa Kamishna wa Data. Kwa sasa usirudishe chochote kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333. Na PIN usimtajie yeyote, hata akijua jina la babu yako.