Vidokezo 8 vya Kujiunga na Klabu ya Huduma Mjini Kwako

Gurudumu lenye meno limechorwa kwenye tangi la maji la shule. Herufi L imekaa kati ya vichwa viwili vya simba kwenye mlango wa kliniki ya macho. Umezipita alama hizi mara ngapi? Ni za Rotary na Lions, klabu za watu wenye shughuli zao kama wewe: mhasibu, nesi, mwenye duka la vipuri, mwalimu mstaafu. Hazifungamani na chama wala dini, na kwetu zina mizizi ya siku nyingi. Klabu ya Rotary ya Nairobi ilianza 1930, ya Dar es Salaam 1949. Tena zinapenda wageni! Haya, twende mlangoni.

1. Nenda kama mgeni, fomu baadaye

Huhitaji kadi wala suti. Mtumie katibu wa klabu ujumbe mfupi: "Naitwa fulani, nafanya kazi fulani, naomba kuja kama mgeni kwenye kikao chenu kijacho." Basi. Ukifika, kengele itagongwa na wageni watatambulishwa, kwa hiyo uwe na sentensi mbili tayari: jina lako na unachofanya. Usitoe hotuba, watu wana njaa. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: tembelea klabu mbili tatu kabla ya kuamua. Klabu za jiji moja zinaweza kutofautiana kabisa. Huku wamejaa wastaafu wenye busara na utani wa taratibu, kule vijana wa benki wanaopanga mradi huku wanakula. Utakapojikuta unacheka bila kujilazimisha, hapo ndipo kwako.

2. Angalia saa kabla ya sifa

Klabu nzuri kuliko zote haikufai kama inakutana saa kumi na mbili jioni ng'ambo ya jiji, na wewe unajua foleni ya saa hiyo ilivyo. Zipo zinazokutana asubuhi kabla ya kazi, zipo za mchana, zipo za jioni, na siku hizi zipo zinazokutana kwa mtandao. Nyingine ni kila wiki, nyingine mara mbili kwa mwezi. Jaribu njia yenyewe siku ya kazi, kwa usafiri wako wa kawaida. Ukifika bila jasho la hasira, endelea.

3. Uliza habari za hela, tena mapema

Hili ndilo linalowakimbiza watu kimyakimya, na haipaswi kuwa hivyo. Wanachama wazuri wanaondoka kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza gharama tangu mwanzo. Muulize mweka hazina mambo manne: ada ya kujiunga ni kiasi gani, ada ya mwaka ni kiasi gani na inalipwa kwa awamu au mara moja, chakula cha kikao analipa nani, na michango ya miradi inaombwa mara ngapi. Hilo la nne usilisahau! Wewe unajua jinsi kadi za michango ya harusi zinavyoweza kula mshahara. Michango ya klabu nayo inataka bajeti. Klabu zinazokutana kwenye hoteli kubwa huwa ghali zaidi, zinazokutana kwenye ukumbi wa kawaida huwa nafuu. Piga hesabu ya mwaka mzima, gawanya kwa kumi na mbili, kisha uliza mfuko wako. Mweka hazina anayejibu maswali haya kwa uwazi na uso mkunjufu ni dalili njema kuliko picha zote za kwenye mitandao.

4. Uliza mradi wa zamani uko wapi leo

Kukata utepe ni rahisi. Swali lenye uzito ni hili: kile kisima mlichochimba miaka mitatu iliyopita kinatoa maji? Nani ana ufunguo wa pampu? Ikiharibika, kipuri kinanunuliwa na hela ya nani? Klabu makini itakujibu papo hapo, au itakuambia, "Jumamosi tunakwenda kukiangalia, njoo." Nenda!

Huduma ya kweli ina pumzi ndefu. Rotary ilianza kampeni yake ya chanjo ya polio duniani kote mwaka 1985. Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio tarehe 25 Agosti 2020. Hapo katikati kuna miaka 35 ya vikao, harambee na makasha ya barafu ya kubebea chanjo, pamoja na wahudumu wa afya na serikali zilizofanya kazi nyumba kwa nyumba. Lions nao waliombwa na Helen Keller, mwandishi asiyeona wala kusikia, mwaka 1925 wawe watetezi wa wasioona, na hadi leo macho ndiyo kazi wanayojulikana nayo. Ukiwa Nairobi, ile hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho ni sehemu ya urithi huo.

5. Njoo na ufundi wako

Unadhani huna cha kutoa kwa sababu huna hela nyingi? Siku ya kambi ya macho, watu mia wako kwenye foleni tangu alfajiri. Daktari yupo. Anayekosekana ni mtu wa kuandika majina kwa mpangilio, wa kuwapa wazee viti, wa kueleza kwa Kisukuma au Kigiriama kwamba matone haya yanauma kidogo tu. Fundi umeme, dereva, mpishi wa watu wengi, mtu anayejua kupanga hesabu kwenye kompyuta: klabu inawatafuta hawa kwa tochi. Kwenye utambulisho wako sema wazi unachojua kufanya. Utaona shingo zinavyogeuka.

6. Kijana? Una mlango wako

Rotary wana Rotaract, ya kuanzia miaka 18, na ule ukomo wa zamani wa miaka 30 umeondolewa. Wana pia Interact, ya miaka 12 hadi 18, na mara nyingi iko shuleni. Lions wana klabu za Leo. Ada huwa nafuu, na kazi ni zilezile za mikono.

7. Dada, mama, usisubiri kuitwa

Lions walifungua milango kwa wanawake mwaka 1987, Rotary mwaka 1989. Ni kweli, desturi ni mwanachama kukualika. Ila hakuna anayekukataza kumwambia mwanachama unayemfahamu, "Nialike." Na kama unafika kikaoni na kuona kamati zote za maamuzi zina wanaume watupu, uliza kwa nini, kisha jitolee kwenye ile ya fedha. Chai itapata mtu.

8. Ingia na kazi moja, na ushike Julai

Mwaka wa klabu hizi huanza tarehe 1 Julai, uongozi hubadilika na kamati hupangwa upya. Kwa hiyo Mei na Juni ni miezi mizuri ya kutembelea. Omba kalenda ya mwaka mzima na uioneshe familia, maana Jumamosi zetu zina harusi, misiba na ugeni. Mwaka wa kwanza chukua jukumu moja tu, lenye tarehe. Ukiwa Dar, meza ya maji kwenye Rotary Dar Marathon, mbio ambazo zimezoeleka kufanyika tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Ukiwa Kampala, kugawa fulana za Rotary Cancer Run, inayochangisha fedha za huduma za saratani tangu 2012. Hata kama huna mbio!

Na mjini kwako hakuna klabu kabisa? Rotary inaruhusu tawi dogo lenye wanachama wasiopungua wanane, chini ya ulezi wa klabu iliyokwisha kuanza. Wanane! Fungua simu, pitia majina, anza na yule jirani anayepanga mambo ya mtaa bila kuombwa.