Usaili wa mtafiti wa watumiaji

Swali: Naishi Katoro, Geita. Nimeitwa kwenye usaili wa utafiti wa watumiaji katika kampuni kubwa ya teknolojia Nairobi. Nijiandae vipi?

Jibu: Nenda na kisa kimoja ulichokishuhudia. Mathalani, mchimbaji mdogo mwenye tope vidoleni anampa wakala simu amsomee ujumbe wa M-Pesa. Eleza ulichokiona, ulichobaini na ulichopendekeza kibadilishwe. Wakikupa tatizo, usikimbilie suluhisho. Uliza kwanza mtumiaji ni nani, anakwama wapi. Waambie humuulizi mtu, "Umeelewa?" Unamwomba akuonyeshe. Taja pia ulipokosea na ulichojifunza. Kama unazungumza Kisukuma, hicho ni mtaji: shida husimuliwa vizuri kwa lugha ya nyumbani. Usikionee haya.