SOMO: KAZI YA BWANA IWE NA MPANGO

Masomo: Nehemia 3 na 6:15, Luka 14:28-30

Wandugu wapenzi, Kanisa letu latufundisha Upendo, Amri na Kazi. Leo tuangalie Kazi. Tunaona nyumba za ibada zimesimama bila paa, na matoleo ya wajane yamekwisha. Tusiseme upesi kwamba ni shetani. Mara nyingi ni mpango uliokosekana.

1. Kila kazi iwe na mwenyewe. Katika Nehemia 3 kila jamaa ina sehemu yake ya ukuta. Wengine walijenga mbele ya nyumba zao. Ukuta uliisha kwa siku 52.

2. Kila kazi iwe na muda wake. Henry Gantt, Mmarekani aliyefariki mwaka 1919, alieneza namna ya kuchora kazi kwa mistari: kazi ndefu, mstari mrefu. Leo mashirika huchora vile kwa programu za kompyuta.

3. Tujue kazi isiyoweza kungoja. Hesabu hiyo ilitafutwa Marekani, katika kampuni ya DuPont mwaka 1957 na katika jeshi la majini mwaka 1958. Tuchukue mfano wa parokia. Matofali, kufinyanga hata kuchoma: juma 6. Msingi: juma 2. Kukusanya feza za mabati: juma 8. Hizo tatu zaanza siku moja. Kuta zangoja matofali na msingi: juma 4. Kisha paa: juma 2. Jumla ni juma 12, yaani 6 na 4 na 2. Msingi ukichelewa juma moja, hatupotezi kitu. Matofali yakichelewa juma moja, nyumba yote imechelewa, na mvua itakuta kuta bila paa. Basi komite ikiongeza watu kwenye msingi kwa sababu ndio unaoonekana, inachosha watu bure. Waende kwenye matofali.

4. Chombo hakishindi ukweli. Programu husogeza yenyewe tarehe za kazi zinazotegemea ile tuliyoibadilisha. Lakini msimamizi akisema matofali yamekwisha kuchomwa, nayo yangali mabichi, kompyuta itaandika uongo huo kwa herufi nzuri. Hapo ndipo Amri inaposhika Kazi. Na parokia isiyo na kompyuta isihuzunike: karatasi ya miraba ukutani, majina, tarehe, na habari ya kweli kila Siku ya Bwana, vyatosha kuanza.

Wandugu, yule wa Luka 14 alichekwa kwa sababu hakuketi kwanza kuhesabu. Sisi tuketi, tuhesabu, tuombe, kisha tusimame tujenge.

Maswali ya kujibu pamoja:
a) Katika kazi ya parokia yetu, ni ipi isiyoweza kungoja?
b) Jina la nani limeandikwa juu yake?
c) Nani atatuambia ukweli ikichelewa?

Bwana abariki kazi ya mikono yenu. Amina.