Damu Inasema Nini Kuhusu Ugonjwa wa Mawazo Sugu?

Jamaa wa wagonjwa huuliza mara kwa mara katika kliniki za afya ya akili: mbona damu haipimwi? Malaria hupimwa, kisukari hupimwa; kwa nini asipimwe mtu anayenawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, au anayerudia udhu mpaka sala ikampita? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba hadi sasa hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa wa mawazo sugu na vitendo vya kujirudia. Utambuzi hutokana na mazungumzo ya kina, na ukali wa ugonjwa hukadiriwa kwa mizani ya Yale-Brown, iliyochapishwa mwaka 1989, yenye alama 0 hadi 40.

Hata hivyo, damu haikunyamaza kabisa. Kiashiria kilichochunguzwa kwa muda mrefu ni serotonini iliyomo katika chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Chembe hizi huifyonza serotonini kwa protini ileile inayotumiwa na seli za neva, ndiyo maana watafiti walizifanya dirisha la kuchungulia ubongo. Dirisha hilo lina ukungu. Fluoksetini na setralini huziba protini hiyo, na baada ya wiki chache serotonini ya chembe sahani hushuka sana, awe mgonjwa amepata nafuu au hakupata. Kushuka huko huonyesha kwamba dawa imemezwa na kufika. Hakuonyeshi kwamba mawazo yamelegea. Protini iitwayo BDNF, inayolea seli za neva, nayo imeonekana kuwa chini katika baadhi ya tafiti, lakini hupungua pia katika sonona.

Kipimo chenye manufaa zaidi kwa tabibu ni kile cha kiwango cha dawa yenyewe, hasa klomipramini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ini huivunja dawa hii kwa vimeng'enya kadhaa, vikiwemo CYP2D6 na CYP2C19, ambavyo nguvu yake hurithiwa. Watu wawili wakimeza miligramu 150 kila siku, kiwango katika damu ya mmoja chaweza kuwa mara kadhaa ya mwenzake. Fluvoksamini ikiongezwa, kiwango hicho hupanda zaidi, na hatari ya degedege au kuvurugika kwa mapigo ya moyo huongezeka. Pasipo na maabara ya kupima kiwango hicho, kupandisha dozi polepole na kupima umeme wa moyo hubaki kinga ya lazima.

Ugonjwa huu hudai dozi kubwa kuliko sonona, setralini ikifika miligramu 200 kwa siku, na subira ya wiki 8 hadi 12. Wanaoacha dawa wiki ya tatu wakidai haifai hawajaipa nafasi. Alama za Yale-Brown zikishuka kwa asilimia 35, hayo huhesabiwa kuwa mafanikio, ingawa mgonjwa bado ana dalili. Hapo tiba ya kukabili hofu hatua kwa hatua, bila kutenda kitendo cha kujirudia, huongeza mengi.

Na kwa kuwa chembe sahani zilizopungukiwa na serotonini hushikamana kwa udhaifu, mgonjwa anayetumia pia aspirini au diklofenaki amweleze mhudumu wake. Akiona choo cheusi kama lami, afike kituoni siku hiyohiyo, akiwa na dawa zake zote mkononi.