Mtoto Anapovunjika Mfupa: Ni Matibabu Gani Yamfaayo?

Mzazi aliyempakata mtoto anayelia kwa maumivu hana utulivu wa kupima maneno ya daktari. Kwa hiyo tunamshauri mlaji ayajue haya mapema.

Mfupa wa mtoto ni laini kuliko wa mtu mzima. Hupinda kabla ya kukatika, pengine hupasuka upande mmoja tu kama kijiti kibichi, nao huunga upesi. Ndiyo maana mivunjiko mingi ya watoto haihitaji upasuaji, na tiba ya bei kubwa si lazima iwe ndiyo bora. Mfupa wa kigasha uliobonyea tu karibu na kiganja hutosheka na gango la kuvuliwa kwa wiki 3 hivi. Uliohama hurudishwa mahali pake, mtoto akiwa amepewa dawa ya usingizi au ya maumivu, kisha hufungwa plasta ngumu, ile wengi waiitayo P.O.P. Paja ni shauri jingine: mtoto wa miaka 3 kwa kawaida hufungwa plasta kuanzia kiunoni hadi mguuni, ilhali wa miaka 8 mara nyingi huwekewa vyuma vyembamba ndani ya mfupa, au hulazwa kwa wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito.

Upasuaji una mahali pake. Mfupa ukitoboa ngozi, au ukivunjika juu tu ya kiwiko na vipande vikaachana, kusita kwaweza kumwachia mtoto mkono wenye kombo.

Muulize daktari: mfupa umehama? Ipo njia nyingine, na gharama yake ni kiasi gani? Picha ya eksirei itarudiwa lini? Swali hili la mwisho husahauliwa mno. Mfupa uliorudishwa huweza kuhama tena ndani ya plasta, hivyo picha ya baada ya wiki moja si gharama ya kuepukwa.

Wako wanaomwendea kwanza mwunga mifupa wa kijijini. Hatuwabezi, lakini tumbo la hatari ni kubanwa, iwe kwa mianzi na vitambaa au kwa plasta ya hospitali. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, au maumivu yakizidi vinaponyooshwa, kifungo kilegezwe na mtoto arudishwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Misuli iliyokosa damu huanza kufa katika saa chache.